Aliyeliliwa Hasalimiwi

Pikipiki ilikwisha kuvuka mito miwili, na Kasongo ilikuwa imebaki nyuma ya vumbi, Salomon alipokumbuka kwamba hakumwambia mtu yeyote anakokwenda. Mkono mmoja ulishika chuma cha nyuma. Mwingine uliishikilia ngiri yake chini ya shati, kama mtu aliyebeba yai la mwenziwe. Kila shimo la barabara lilimwuliza swali lile lile: unakwenda kufanya nini Wamaza, wewe uliyeikimbia Wamaza?

Alikuwa anakwenda kutafuta karatasi. Wiki ile, katika uwanja wa kituo kimoja cha afya, palikuwa pamewekwa meza ya kuandikisha bima ya wazee, hiyo ambayo watu wa mji huiita mutuelle. Aliyeketi mezani alikuwa binti aitwaye Estelle, mwenye subira ya mtu achaguaye mawe katika mchele. Alimweleza neno kwa neno. Aliyetimiza miaka sitini anaandikwa. Mwenye ndoa haandikwi peke yake. Anaandikwa na mwenzake, nyumba moja kadi moja. Mjane huandikwa peke yake, kwa ushuhuda wa shefu wa kijiji. Kadi ikishatoka hulala miezi mitatu kabla hospitali haijaikubali. Na orodha ingefungwa mwisho wa mwezi, mpaka mwaka mwingine.

Salomon akatoa kadi yake ya mchaguzi, ile ya kupigia kura. Jasho la machimbo lilikuwa limekula maandishi yote, na pale penye picha palibaki ukungu wenye masikio.

"Papa," alisema Estelle, akiigeuza juani, "hii kadi haina mutu ndani."

Akamshauri arudi alikozaliwa, shefu amwandikie kwamba ni yeye na kwamba yu hai, ndipo opereshoni ya ngiri ipatikane. Waliokuwa kwenye mstari walicheka. Salomon naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema, maana alijua jambo ambalo binti yule hakulijua. Kwao alikwisha kufa.

Aliondoka Wamaza miaka ishirini na mitatu nyuma, vita vikiwa vimewaka, kwenda kuchimba dhahabu. Alimwambia Honorine, mkewe, kwamba angerudi kiangazi kikiisha. Kiangazi kikaisha, kikaja kingine. Mwaka wa nne mchuuzi mmoja, Bisimwa, alimkuta mtoni akichekecha mchanga, akamwita kwa mzaha, "Marehemu, habari za huko?" Ndipo akasimuliwa. Nyumbani walikuwa wamemlilia. Walipokosa maiti walifanya kama wazee wa pale walivyozoea: waling'oa mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kwa jina lake.

Angeweza kurudi wiki ile ile. Alikaa juu ya jiwe, akapima, akaona kifo kina nafuu yake: mfu haulizwi alichotumwa. Basi akaendelea kuwa mfu. Akahama shimo kwa shimo, mto kwa mto, mpaka uzee ukamtupa Kasongo, akawa fundi wa baiskeli.

Alifika Wamaza alasiri. Mwanamke aliyekuwa anatoka kisimani alimwona, akaitua ndoo yake, akasimama pembeni mpaka alipopita. Wazee wawili aliowafahamu tangu utoto waliyageuza macho kuangalia miti. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Afadhali wangepiga. Pale, aliyeliliwa hasalimiwi mpaka kaburi lake lifukuliwe, na mwenye kulifukua ni yule yule aliyelifunga. Salomon alitembea katika njia aliyoilima mwenyewe, akisikia viatu vyake tu, na kwa mara ya kwanza akashuku kwamba labda Bisimwa hakufanya mzaha.

Shefu alikuwa Gérard, mtoto wa shefu wa zamani, ambaye Salomon alimwacha kijana na sasa ana mvi. Gérard aliongea naye, kwa kuwa kazi ni kazi, ila macho yake hayakutoka kwenye daftari.

"Papa Salomon, daftari ya baba yangu iko na jina lako. Huu ukurasa ni wa waliokufa."

"Nafanana na mutu amekufa?"

"Unafanana na mutu amechoka. Si sawa."

Kisha akamweleza yaliyobaki, taratibu, kama anayevua mwiba. Mwaka uliopita alimwandikia Honorine ushuhuda wa ujane, naye akaingia katika bima ya wazee peke yake. Honorine ana uvimbe tumboni. Alhamisi inayokuja anapelekwa Kasongo kupasuliwa, na daktari alisema mwezi huu usipite.

"Nikikuandika muzima, yeye si mjane tena. Kadi yake inafutwa, munaandikwa wawili upya, munangoja miezi mitatu. Yeye hana miezi mitatu."

"Na mimi?"

Hapo Gérard aliinua uso. "Ngiri nayo inaua, najua. Nitaandika ile utaniambia. Lakini kwanza uende kwake."

Honorine alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya mihogo. Alikuwa amekonda kila mahali isipokuwa tumbo, lililosimama kama la mjamzito katika umri usio wa mimba. Hakushtuka. Alichota maji, akamwaga kidogo chini, akaweka kikombe ardhini ili Salomon akiokote mwenyewe, asipokee mkononi.

"Ulichelewa kufa," alisema, "na sasa umechelewa kufufuka."

Salomon aliuliza kaburi lake liko wapi. Honorine akaonyesha kwa ncha ya kisu.

Lilikuwa shamba dogo la migomba. Siku ya maziko, milio ya bunduki ilikuwa imesikika karibu, na katika haraka ile wazikaji walisahau kukata tunguu. Waliuzika mgomba na mzizi wake. Mvua ikanyesha, marehemu akachipua. Kijiji kikasema Salomon amekataa kulala, wakataka kupachoma moto. Honorine alisimama mbele yao na mwichi wa kutwangia mkononi. Mwaka wa njaa, mihogo ilipoozea ardhini, alikata mkungu wa kwanza akala peke yake, watu wakimwangalia kwa mbali.

"Ulipokuwa hai hukunilisha hivi," alisema. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomuumiza. "Jembe liko pale. Sema tu, nitafukua. Mimi si wa kumukataza mutu uzima."

Salomon aliingia kati ya migomba. Majani yalisuguana juu yake kama watu wanaomsema mtu aliyetoka muda si mrefu. Alitafuta shati lake kwa macho, akijua ni upuuzi. Hapa alikuwapo Salomon mwingine: hakuondoka, alizaa, alikatwa, akazaa tena, na mwanamke huyu alikuwa amelikalia jina lake miaka yote hii kama mtu akaliavyo kigoda. Yeye aliyekuja akiomba karatasi ndiye aliyekuwa mgeni. Ngiri ilimvuta chini; akaibana kwa kiganja.

Alipotoka alisema, "Alhamisi uende. Mimi nitarudi mwakani, ukishapona. Ndipo tutafukua."

"Hata kile kiangazi ulisema hivyo."

Honorine alikata kichana cha ndizi mbivu, akakiweka chini kando ya kikombe. Salomon alimpitia Gérard, akamwambia auache ukurasa kama ulivyo. Njiani alikula ndizi moja. Alikuwa ameiogopa; ilikuwa ndizi tu.

Estelle alipouliza karatasi iko wapi, alimjibu kwamba shefu hakumtambua. Orodha ilifungwa siku mbili baadaye.

Honorine alipasuliwa Alhamisi ile. Uvimbe ulitoka mzima, naye akarudi Wamaza baada ya majuma matatu, na kadi yake imekwisha kufanywa upya. Estelle alihamishiwa Kindu. Gérard bado ni shefu. Salomon aliondoka Kasongo kabla ya masika, akaenda Nyangwe, akawa anashona nyavu za wavuvi. Ngiri ilijisokota mwezi wa pili wa kukaa huko. Alikufa siku iliyofuata, mtumbwi wa kumpeleka hospitali ukiwa bado unatafutwa. Wavuvi walimzika juu ya ukingo. Habari ilichukua wiki sita kufika Wamaza, na haikuwekewa matanga, kwa sababu yalikwisha kufanywa. Honorine alikuwa shambani alipoambiwa. Alimaliza tuta alilokuwa akilipalilia, akaanza lingine.