Mashimo ya Mama Edith

Tangu apate akili, Mzee Maximilian hakuwahi kuvunja azimio la mkutano wa kijiji. Siku alipoamua kulivunja, alilivunja mchana kweupe, jembe begani na mabuti ya mvua miguuni, tena akapita mbele ya duka la Alfonsi ambako watu hawakosi.

Azimio lenyewe lilikuwa fupi. Malori ya kampuni ya gesi, yale yanayoteremsha mabomba bondeni hadi kule mbele ya Kaoze, yaliitafuna barabara ya kijiji ikabaki makorongo matupu. Kampuni ilisema ni mvua. Ati mvua! Mvua imenyesha Ufipa tangu enzi za mababu na haijawahi kuacha alama za matairi. Basi watu wakakubaliana kwamba asifukie mtu hata shimo moja mpaka wakubwa wa wilaya na injinia wa kampuni waje waone kwa macho yao. Wakikuta pamefukiwa watasema mbona pazuri, watapanda magari yao waende. Tarehe ikasogezwa mara tatu, mwishowe ikatajwa Alhamisi hii.

Na aliyenyoosha mkono wa kwanza siku ya azimio alikuwa nani? Mke wake mwenyewe, Silvana, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Edith. Alikuwa ameyahesabu mashimo kutoka dukani kwa Alfonsi hadi mlangoni kwake, kumi na moja, akasimama mkutanoni akayataja moja moja bila karatasi: hili linafika kwenye kifundo, lile la kanisani linafika gotini. Wiki moja baadaye pikipiki aliyopanda ikaingia katika shimo la tisa, ikamrusha, akavunjika mfupa wa paja.

Hospitalini mjini walimwekea chuma. Alipotoka akapumzika Malangali, huko huko mjini, kwa binti yao Edith, na sasa ilikuwa arudi Jumatano. Lakini Jumapili Edith alipiga simu. Daktari amekataza mtikiso, alisema, chuma kikisogea mama hatatembea tena. Kama njia bado ni ile ile, basi mama abaki hapa hapa mpaka itengenezwe.

Mpaka itengenezwe! Itengenezwe lini, jamani? Mzee alikata simu akakaa kitandani na viatu vyake. Aliwajua wazee wenzake ambao wake zao walikwenda kwa watoto mjini mwezi mmoja, mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukawa ndiyo maisha. Akalia kidogo. Ana miaka sabini na moja, na sioni kwa nini nifiche kwamba alilia.

Kisha akampigia Edith, akamwambia njia ni nzuri, mlete mama.

Ndiyo maana Jumanne alikuwa barabarani. Malori yenyewe yalikuwa yamesimamishwa bondeni wiki hiyo, kampuni si wajinga. Mzee alifukia kwa namna aliyoijua tangu utoto, namna ya kutengeneza intumba, yale matuta ya mviringo tunayofunika majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Alikata magamba ya udongo na nyasi zake, akayageuza, nyasi chini na udongo juu, akashindilia kwa miguu. Alimaliza sita kabla ya mwenyekiti wa kijiji, Beda, kufika.

Beda alimwamkia shikamoo kama mtoto mwenye adabu, kisha akachovya fimbo yake kwenye shimo la kwanza. Fimbo ikazama. Akasema hii ni intumba, si barabara, hapo unaweza kupanda maharage. Mzee akajibu kwamba yeye hajengei malori. Anataka gari la mkwe wake Loth lipite mara moja tu, lipite polepole, basi.

"Mzee wangu, keshokutwa wanakuja," Beda alisema. "Na aliyenyoosha mkono wa kwanza ni Mama Edith."

"Mkono aliounyoosha ni mzima, Mwenyekiti. Kilichovunjika ni mguu."

Beda akachomoa fimbo yake udongoni, mzigo wa kijiji begani, akaenda zake. Mzee akafukia matano yaliyobaki, mgongo ukimwaka moto.

Jumatano mchana Loth alifika na Noah yake, viti vya nyuma vimekunjwa, Mama Edith amelala juu ya godoro na magongo ubavuni. Mzee alikuwa anawasubiri dukani kwa Alfonsi. Akapanda mbele, akageuka kumtazama mkewe. Amekonda, Mungu wangu, lakini macho ni yale yale. Akamwambia pole.

Gari likaondoka. Mama Edith akashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akafumba macho, akangoja shimo la kwanza. Kimya. Akangoja la pili. Gari lilinesa kidogo, likapita. Walipopita kanisani alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Baba Edith, mashimo yangu yako wapi?"

Mzee akatazama mbele. Akasema huenda mvua imeyajaza mchanga.

"Baba Edith."

"Nimeyafukia," akasema.

"Yote?"

"Yote kumi na moja."

Loth, ambaye mambo ya wakwe hayamhusu, aliendesha kama amebeba mayai mpaka mlangoni. Pale Mama Edith akashuka kwa magongo, hatua moja moja, akakataa kuingia ndani. Akaomba kiti, kiwekwe kando ya barabara. Akakaa, akaunyoosha mguu wake wenye chuma, akaiweka kanga yake sawa.

"Haya. Mimi nimeshapita," akasema. "Kachukue jembe ufukue."

Mzee akalichukua. Alianza na la mlangoni, akirudi nyuma kuelekea dukani, na mkewe akimwelekeza kwa gongo: hilo halikuwa hivyo, lilifika gotini, ongeza. Alikuwa kwenye la tatu Beda alipotokea na jembe lake. Akaanza kutoa nyasi. Alfonsi naye akafunga duka akaja.

Walipomaliza la nane mzee akaishiwa pumzi, akarudi kwenye kiti kunywa maji. Akachuchumaa pale miguuni kwa mkewe.

"Edith alisema utabaki kule mpaka barabara itengenezwe," akasema. "Nikaogopa. Nilikutaka nyumbani, Mama Edith."

Mama Edith akashika ncha ya kanga, akamfuta tope shavuni, taratibu, upande huu na upande ule.

"Nilimwambia Edith nitarudi Jumatano hii hata kwa kutambaa," akasema. "Hukunipigia mimi uniulize?"

Hakumpigia. Wala halikumjia kichwani.

"Yamebaki mangapi?"

"Matatu."

"Nenda kamalizie. Nakungoja hapa hapa, tuingie ndani pamoja."