Ndege wa Aling Crisanta Mbele ya Kapitani

Siku ya shauri, Aling Crisanta alimaliza kufua mashuka ya watu, akayaanika, akaenda ofisi ya mtaa na sketi mbichi kiunoni. Alikuwa anadai arudishiwe ndege wake. Mang Ponso, mwenye nyumba, alikuwa amelichukua tundu lao akalitundika kwake, kwa hoja kwamba kilichoning'inia kwenye ukuta wake ni chake.

Ndege wale alikuja nao kutoka Cebu, ng'ambo ya maji. Katika mji ule wa Watagalogi ndio pekee waliomwitikia kwa lugha ya kwao.

Kapitani, yaani mkuu wa mtaa, aliagiza tundu liletwe mezani. Ndege wakaimba. Akamtaka mdai aeleze kwa Kitagalogi, maana ofisi haina lugha nyingine. Kitagalogi cha Crisanta kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Alipofika kwenye mali yenyewe kikamwishia, akatamka la kwao: langgam. Kwa watu wa Cebu, langgam ni ndege. Kwa Watagalogi, langgam ni sisimizi.

Wimbo ukakatika. Sisimizi wakajipanga, wakapenya kwenye vijiti vya tundu, wakashuka kwa mguu wa meza. Kapitani akainua karatasi zake wapite.

"Aling Crisanta, unadai hawa?"

"Hao hao. Ila walikuwa na mabawa, Kapitani. Si umewasikia?"

"Nimewasikia. Lakini hapa tunaandika kilichosemwa."

"Basi waiteni nyie, kwa neno lenu."

Kapitani akasema huko kungekuwa kumpendelea mdai.

"Mbona hata jikoni kwangu wapo tele," Mang Ponso akasema. "Akiwataka, aje na kijiko."

Ikaamuliwa kwamba sisimizi hana mwenyewe, na tundu lirudi lilikokuwa.

Crisanta alitoka kichwa kimemvurugika, hajui amepotewa na ndege au na neno. Aliufuata ule mstari njia nzima bila kuuita, asije akauharibu zaidi. Ukaingia chini ya mlango wa Mang Ponso, ukapanda hadi kwenye kopo la sukari.

Kesho yake, akipita na beseni chini ya dirisha la jikoni, akajisahau akawasalimu kwa jina, kama kwao. Kopo likaimba mpaka alipokata kona. Ikawa ndiyo kawaida ya kila asubuhi.

Juzi Mang Ponso alimtumia salamu: apite mapema kidogo, kahawa inapoa kwa kungoja wimbo.

Anapita mapema.