Kimo cha Mkamuaji

Kengele ya kanisa ilipoanza kulia, Evanthia alikuwa bado amesimama kando ya ziwa Kerkini, kamera ya marehemu mumewe mkononi, na picha mia mbili zisizofaa. Katika zote yule ndege mwari alitokea vilevile: mgongo mweupe katikati ya maji ya kahawia, kama shuka iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Leo mumewe, Stergios, alitimiza mwaka kaburini. Sinia ya ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, iliyofunikwa sukari nyeupe, ilimngoja nyumbani aipeleke kanisani. Baada ya ibada kamera ingekwenda kwa shemeji yake, mjini Thesaloniki. Mama mkwe, Bi Kyratso, alishakata shauri. Miaka tisa Stergios aliwapiga picha mwari hawa, asipate hata moja ya kutundika ukutani. Evanthia aliitaka hiyo moja, na asubuhi aliyobakiwa nayo ilikuwa hii tu.

Nyuma yake nyati-maji walikoroma. Alikuwa amewakamua alfajiri, amechuchumaa, shavu ubavuni mwao. Ukimsimamia, nyati hubana maziwa. Ukiwa chini yake, hukuachia.

Akageuka kuwatazama. Kisha akawatazama mwari.

"Ee Stergios," akanong'ona, "na mimi nikakuiga, nimesimama kama mlingoti!"

Akalala kifudifudi topeni, na gauni lake jeusi la kanisani. Viwiko vikazama. Akaishusha kamera mpaka ikakaribia kulamba maji.

Maji ya kahawia yakatoweka. Ukabaki uzi mmoja wa fedha. Milima ikashuka ikasimama nyuma ya ndege, ya samawati, imefifia kwa ukungu. Na mwari, aliyekuwa shuka, akawa mkubwa kama mashua. Alikuja polepole, manyoya ya kisogo yamesokotana, mfuko chini ya mdomo mwekundu kama kaa la moto. Hakumwogopa mwanamke aliyelala. Evanthia hakumweka katikati. Alimwachia maji mbele ya mdomo, apate pa kwenda.

Akasahau kupumua. Akabonyeza.

Kengele ilikuwa imenyamaza zamani.

Makaburini wanawake walikuwa wakigawana ngano. Walipomwona wakaficha vicheko ndani ya vitambaa vyao.

"Mungu wangu!" Bi Kyratso akasema. "Nyati amekuzaa upya?"

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa? Padri ameshamaliza! Sinia nimeibeba mwenyewe, na magoti haya! Muombe radhi mwanangu. Hapa hapa, mbele ya kaburi lake."

Evanthia akatafuta pembe kavu ya kitambaa chake, akaifuta skrini, akampa kamera.

Bi Kyratso akaishika mbali na macho. Kisha karibu. Kidole gumba chake, bado kina sukari, kikaelea juu ya mwari bila kumgusa. Wanawake wakaacha kutafuna.

"Anakuja huku," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Anakuja, mama."

Taa ya mafuta ilicheza ndani ya kisanduku cha kioo juu ya kaburi. Bi Kyratso hakumrudishia kamera, wala hakuitia mkobani. Aliikumbatia tu kifuani, tope likimchafua.

"Radhi bado hujaomba, wewe mkwe."

"Na siombi," akasema Evanthia.