Jino la Trei ya Jirani

Mtaalamu aliipiga meza kofi hadi sindano zikaruka. "Njooni muone! Huyu alikula kila kitu!"

Kimya, kama walivyozoea kumwita binti wa kusafisha visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, alihisi masikio yakiwaka moto. Lile taya dogo la mezani, jembamba kama njiti, lilitoka mikononi mwake juzi tu.

"Siku hizi katika ukoo huu amebaki tuatara peke yake, mnyama kama mjusi, huko visiwani mbali," Mtaalamu aliwaambia wafanyakazi waliojazana mlangoni. "Lakini zamani walikuwa wengi, kila mmoja na mambo yake. Wa kula wadudu, meno makali. Wa kula majani, meno mapana. Wengine waliogelea baharini kabisa. Sasa huyu ana ya aina zote mbili! Alikuwa njiani, anaacha wadudu anahamia kwenye majani!"

"Na aliyemsafisha ni damu yangu," alidakia Shangazi, fundi mkuu wa chumba kile, aliyempigania Kimya apate kazi. "Mkono mwepesi huo. Nimemfundisha mwenyewe."

Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akilisafisha taya hilo, sindano ilikuwa imemteleza, jino moja kali likakatika na kupotelea vumbini. Kwa kuogopa kumwangusha Shangazi, akachukua jino kwenye trei ya jirani, ya mla majani, akalibandika. Kwake yote yalikuwa meno tu.

"Leo leo natuma habari," Mtaalamu alisema, "dunia nzima isome."

"Si lake," Kimya alisema.

"Unasemaje, mwanangu?" Mtaalamu aligeuka.

"Jino pana. Si la taya hilo. La kwake nililivunja, nikabandika hilo."

Mtaalamu aliinamia lenzi. Meno ya ukoo ule huota yakashikana na mfupa, yakawa kitu kimoja. Chini ya jino pana aliona mstari uking'aa.

"Gundi," alisema. "Nami nashangilia kama bwana harusi."

Wa mlangoni wakajiondokea mmoja mmoja.

Shangazi hakumgombeza. Laiti angemgombeza.

"Mangapi mengine?" aliuliza, kwa sauti ya kumuuliza mgeni.

"Ni hilo tu, Shangazi. Haki ya Mungu."

"Haya."

Akavuta kiti hadi kwenye rafu, akashusha trei ya kwanza kabisa aliyowahi kuisafisha Kimya, akaiweka chini ya lenzi. Alipomaliza, akashusha ya pili.