Skii Zilizogoma Kuteleza

Asubuhi ya mashindano ya watoto, Ragna alichungulia kipimajoto kilichotundikwa nje ya dirisha la jikoni, akaona kimepanda juu ya sifuri, akachukua nta nyekundu ya kupaka skii, zile mbao za miguuni za kutelezea juu ya theluji. Nyekundu ni ya theluji iliyoanza kulainika. Ya buluu ni ya baridi kali. Ukikosea, theluji hunata badala ya kuteleza. Hayo alikuwa ameyashika tangu aolewe huku bondeni, kama bibi harusi anavyoshika majina ya mashemeji. Akazilaza skii za mwanawe Torje chali juu ya meza, akazipaka matumboni, akasugua kwa kizibo mpaka mkono ukauma.

Zilikuwa skii fupi za mbao, zile zile alizojifunzia Halvard, baba yake mtoto. Halvard mwenyewe alikuwa kazini baharini, kwenye mitambo ya mafuta. Jana yake kwenye simu alimwambia mkewe, "Paka tu, utaweza." Ragna akaisikia ile huruma ndani ya sauti.

Kwao Ragna ni kisiwani, upande wa pwani, ambako majira ya baridi ni mvua juu ya mvua. Skii alizivaa akiwa mtu mzima, mbele ya wakwe. Watoto wa bondeni huzivaa hata nepi hawajaiaga vizuri, na Jumapili kijiji kizima huingia msituni, wazee kwa vitoto, machungwa mifukoni. Asiyejua kuteleza hubaki kwenye maegesho ya magari na chupa ya kahawa, akitazama migongo ya wenzake ikipotelea kwenye misonobari. Ragna aliyajua vizuri maegesho hayo. Hakutaka mwanawe ayarithi.

Torje alikuwa na miaka minne. Majira yaliyopita, kwenye kilima hiki hiki cha mashindano, skii zilimrudisha nyuma ghafla akabingirika hadi chini. Tangu siku hiyo, akiona mteremko hukaa kitako. Kulia halii. Husema tu, "Sizitaki. Zinakimbia bila kuniuliza."

Mama mkwe, Bibi Gudveig, alikuwa na dawa yake. "Niachie wiki moja, binti yangu. Atalia siku mbili, ya tatu ataruka kama sungura. Baba yake nilimfunza hivyo hivyo."

Ragna alikuwa amekataa mara nyingi, kwa upole, hadi maneno ya kukatalia yakamwishia. Juzi ndipo aliposema, "Basi, Mama. Asipoteremka Jumamosi, mchukue."

Na Jumamosi ndiyo hii.

Uwanjani, nyuma ya shule, harufu ya soseji ilishatangulia. Bwana Asle, anayeshika kipaza sauti kila mwaka, alikuwa akiwatania wazazi waliosahau glavu. Wadogo hawapimwi kwa saa. Kila anayefika mwisho huvishwa medali na kupewa kakao ya moto. Torje alivaa kitambaa cha namba kilichomfika magotini, akaanza kutembea kumfuata mwenzake wa mbele.

Hatua ya kwanza, theluji ikanata chini ya skii. Ya pili, ikanata zaidi. Kabla hajafika mbali alikuwa amesimama juu ya mabonge mawili, amerefuka kama kaazimwa miguu. Skii hazikuteleza mbele wala nyuma.

"Mama!" aliita, uso umemeremeta. "Leo zimetulia!"

Akaanza kukipanda kile kilima. Tap, tap, tap. Wenzake walimpita kulia na kushoto, yeye akapanda tu, kidevu juu.

"Mpisheni bi harusi!" Bwana Asle akapaaza sauti. "Torje anakwea na viatu vya mchuchumio!"

Watu wakacheka. Ragna alihisi masikio yakiwaka ndani ya kofia. Bibi Gudveig akamsogelea, macho yakimtoka.

"Umempaka nini mtoto?"

"Nyekundu."

"Nyekundu, baridi yote hii? Pua yangu siisikii!"

"Kipimajoto kilionyesha juu ya sifuri, Mama."

"Kipi? Cha jikoni?" Bibi Gudveig akajishika magoti kwa kicheko. "Kile kinaota jua tangu asubuhi! Kinapima ukuta, hakipimi theluji. Halvard hakukwambia? Sisi wote husoma cha ghalani. Ah, watu wa pwani nyie!"

Walipanda wote wawili kumfuata Torje, wakamkuta kileleni, anatazama chini. Kwa mara ya kwanza anautazama mteremko akiwa amesimama.

Bibi Gudveig akatoa mfukoni kikwangulio cha pembe, cha marehemu mumewe. "Lete mguu, mjukuu wangu. Nikukwangulie uchafu huu, uteremke kama watu."

Torje akarudi nyuma. "Usikwangue, Bibi! Zitakimbia!"

"Ndiyo kazi yake, kukimbia. Lete mguu."

Mtoto akaanza kujishusha kuelekea kule kukaa kitako. Ragna aliliona hilo, na akaona jinsi wiki moja ya kilio itakavyokuwa.

"Mama," akasema, "naomba hicho kikwangulio."

Akapiga magoti kwenye theluji, akakiweka katika kiganja cha mwanawe. "Skii ni zako. Kwangua wewe. Kidogo ukitaka kidogo."

"Nikikwangua kidogo zitakimbia kidogo?"

"Nadhani. Jaribu tuone."

Torje akakaa, miguu juu kama kobe aliyepinduliwa, akakwangua bonge moja. Akasimama. Akasogea upana wa kiganja, akanata. Akacheka. Akakaa tena, akakwangua tena. Chini wenzake walishamaliza, wanakula mikate ya maziwa yenye umbo la moyo, jamu imewajaa mashavuni.

"Bado mmoja mlimani!" Bwana Asle akatangaza. "Anatengeneza gari!"

"Kakao itaganda," Bibi Gudveig alinung'unika. Akangoja. Akahema. Mwishowe naye akakaa kwenye theluji, akatoa chungwa, akaanza kulimenya.

Theluji ilipokwisha, Torje akaiingilia nta yenyewe. Ikadondoka vipande vipande vyekundu mpaka mbao ikaonekana.

"Mama, sasa zitakimbia sana?"

Ragna alitamani kusema hapana. "Zitakimbia," akasema. "Wewe ndiye umezifungua."

Mtoto akafikiri. Akatia kikwangulio mfukoni, akavuta zipu. Kisha akainama mbele kidogo, akaenda.

Katikati ya mteremko akaanguka. Ragna aliruka mbele, lakini mkono wa mama mkwe ukamdaka mkono wa koti. "Ngoja," alinong'ona Bibi Gudveig. "Umengoja kutwa nzima. Ngoja na hiki kidogo."

Torje alikuwa amekaa, anazinyooshea kidole skii zake, akizifokea kwa maneno ambayo juu hayakusikika. Kisha akasimama, akateleza hadi chini, akapita katikati ya bendera mbili, na Bwana Asle akapiga yowe kana kwamba amekuja wa kwanza duniani.

Walipomkuta alikuwa na medali shingoni na masharubu ya kakao.

"Haya," Bibi Gudveig akamwambia Ragna, akijipangusa theluji makalioni. "Naona hamnihitaji." Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe ulikuwa na upweke kidogo. Ragna akaingiza mkono wake katika kwapa la mama mkwe.

"Twakuhitaji, Mama. Nani atanifunza mimi?"

"Kipimajoto cha jikoni tutakihamisha kesho," mzee akasema. "Na mwambie mwanao anirudishie kikwangulio changu."

"Mwombe mwenyewe, Mama. Muulize tu."

Bibi Gudveig, aliyewahi kufunza nusu ya bonde bila kuuliza mtu, akachuchumaa taratibu, magoti yakimlia, hadi uso wake ukalingana na wa mjukuu.

"Torje, mpenzi, naomba kile kikwangulio cha babu. Utanipa?"

Torje akakipapasa juu ya zipu ya mfuko wake. Akafikiri sana.

"Kesho, Bibi," akasema. "Leo bado nakitumia."