Ala ya Bashayer

Loai alimwambia mkewe ainue mikono, naye Bashayer akaiinua kama bibi harusi anayepimwa gauni.

"Usicheke. Ukicheka kiuno kinacheza, na mimi nakosa kipimo."

"Kiuno changu kina ruhusa ya kucheza. Hii si jambia, Loai."

"Najua si jambia. Vuta pumzi. Haya, kaa hivyo hivyo."

Walikuwa nyuma ya pazia, ndani ya duka la ngozi la Loai, mtaa wa Hamriya, Maskati. Upande wa mbele ilining'inia mikanda ya jambia iliyompa jina, mikanda ambayo watu walitoka hata Nizwa kuifuata. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliufumua mkanda wa marehemu babu yake mshono kwa mshono mpaka ukamtolea siri zake zote, kisha akaushona upya. Habari hiyo alimsimulia kila mteja, aliyeuliza na asiyeuliza.

Safari hii mteja alikuwa mkewe, na kilichotakiwa ni ala ya bastola.

Bashayer alikuwa askari. Kwa muda mrefu alikuwa ameiwania nafasi katika kikosi cha wanawake wanaolinda wageni wa kike, wale ambao mlinzi mwanamume hawezi kuwafuata mpaka ndani waliko wanawake. Sasa nafasi ilikuwa mlangoni, lakini bado haijaingia ndani. Alhamisi ya wiki ya pili kungekuwa na sherehe ya hina nyumba moja huko Yiti, na mkuu wake, Bi Manal, alimweleza waziwazi: utamlinda mgeni wetu mle ndani, umevaa abaya kama wenzako, na rivolva fupi mwilini. Mwanamke mmoja tu akigundua kwamba una silaha, unarudi kwenye meza ya kupokea simu.

Ala zilizotolewa kazini zilitengenezwa kwa mwanamume mwenye suruali na koti. Chini ya abaya zilituna kama boga. Bi Manal hakujali ala inatoka wapi, ilimradi aikague mwenyewe na aridhike. Loai aliposikia hivyo alisimama wima.

"Mke wangu hatavaa nailoni ya watu na mimi nipo hai."

Silaha yenyewe haikuruhusiwa kutoka kazini. Bashayer alileta ile ya mazoezi, ya plastiki ya buluu, yenye umbo lile lile la rivolva mpaka ule uvimbe wa silinda ubavuni. Ndani ilikuwa tupu, basi Loai akaijaza vyuma ili ipate uzito wa kweli. Kisha akakata ngozi ya ng'ombe, nene, akailowesha, akaikandamiza juu ya ile plastiki kwa vidole gumba mpaka ikashika kila kona. Akashona mkanda wake mgumu, wa kubana kiuno. Ukingoni akapitisha uzi wa fedha.

"Uzi wa fedha?" Bashayer aliuliza. "Kwa kitu kisichotakiwa kuonekana?"

"Mimi nitajua upo."

Akamfunga mkanda, akarudi nyuma hatua chache, akaweka mkono kifuani na kughani:

"Kiunoni jivalie, adui hatatambua,
Kwa heshima utembee, nyuzi hazitalegea."

"Mashallah, mshairi wa Hamriya!" Bashayer akacheka. "Adui hatatambua, lakini jirani muuza masanduku ameshakusikia."

Ala ilikaa kwenye nyonga yake ya kulia. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Abaya ilianguka vizuri, hapakuwa na mtuno.

"Vipi?"

Bashayer alimtazama usoni. Mumewe alikuwa na macho ya mtu aliyesimama nje ya chumba cha kujifungulia.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, habibi."

Bi Manal alitaka aizoee, kwa hiyo Bashayer aliivaa kila siku nyumbani. Aliivaa akipika, akikunja nguo, akiendesha gari kwenda kazini. Loai alimwangalia akipita na roho yake ikapaa. Aliona jinsi anavyokaa ukingoni mwa kochi, mgongo wima, akasema moyoni: huyo ndiye askari, ala imempa mkao. Aliona anavyoinama kuokota kitu kwa kupiga magoti badala ya kupinda kiuno, na hilo pia akalihesabu kuwa ni heshima ya kazi yake. Mtu akishona mikanda ya jambia maisha yake yote, mkanda kumshikilia mvaaji asilegee ni sifa. Jambia huvaliwa mbele, kwa saa chache za harusi au Idi, mwenyewe amesimama wima ili watu wamwone.

Ijumaa walikwenda Ansab kula kwa mama yake Loai, Bi Muhsina. Alikuwa mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, aliyezaliwa Unguja na kuja Maskati akiwa binti, na Kiswahili chake hakikuwahi kupanda ndege. Walikula wali na samaki, wakanywa kahawa. Halafu, kama anavyomfanyia kila mwanamke anayeaga nyumbani kwake, Bi Muhsina aliweka udi kwenye chetezo, akapuliza makaa, na kumwita mkwewe.

"Njoo mwanangu nikufukize, usende zako unanuka samaki."

"Hapana mama, leo si lazima."

"Si lazima? Tokea lini? Simama hapo!"

Bashayer akasimama. Bi Muhsina akainua pindo la abaya, akakipitisha chetezo chini yake na kukipandisha taratibu ili moshi uingie kwenye kila nguo, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Chetezo kikagota juu. *Ko!*

"Hiki nini?"

Bi Muhsina akainama, akachungulia bila haya yoyote.

"Loai! Umemfunga mkeo kabati?"

"Ni ala, mama. Ya kazini. Nimeshona mwenyewe."

"Nnaiona umeshona mwenyewe. Na hili nalo umelishona mwenyewe?"

Alikuwa amevuta nguo kidogo pembeni. Juu ya nyonga ya Bashayer, pale silinda ilipogandamiza, palikuwa na baka la rangi ya zambarau iliyoiva, na chini ya mkanda ngozi ilikuwa imechubuka mstari mzima.

Loai aliangalia, akageuza uso, akaangalia tena.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi," Bashayer alisema. Kisha, kwa kuwa mama mkwe alikuwa anamkodolea macho, "Tangu siku ya kwanza."

Ndani ya gari, njia nzima, Loai alikamata usukani kama anataka kuung'oa. Damu yake ilikuwa ya kuchemka haraka. Walipofika nyumbani hakuzima hata injini.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi mtoto? Mimi nitavunjika nikiambiwa kazi yangu mbaya?"

"Kazi yako si mbaya."

"Imekuchubua!"

"Loai, ulikuwa unaitazama kama mwanao wa kwanza. Ningesema nini? Kwamba mwanao ananing'ata?"

Alitaka kuendelea kufoka. Maneno alikuwa nayo tele. Lakini Bashayer alikuwa amekaa upande upande kwenye kiti, uzito wote nyonga ya kushoto, na Loai akakumbuka kwamba wiki nzima amekuwa akikaa hivyo na yeye akiita heshima. Akazima injini. Akazunguka, akamfungulia mlango.

"Nivulie," Bashayer akasema. "Leo nivue wewe."

Akamfungua mkanda palepale uani.

Kesho yake, kabla ya kufungua duka, Loai aliivaa ile ala mwenyewe chini ya dishdasha, kanzu yake ya kila siku, na ile bastola ya plastiki yenye vyuma ndani yake. Alikaa kwenye kigoda chake kifupi cha kushonea. Kabla hajamaliza kutia nta kwenye uzi, silinda ilikuwa imeshampata mfupa. Mteja mmoja, kijana anayeitwa Aws, alikuja kuchukua mkanda wa harusi yake akamkuta amekunja uso.

"Vipi ustadhi, tumbo?"

"Mapenzi," Loai akajibu.

"Pole. Mimi naoa Jumatano, usinitishe."

Adhuhuri alisali mlemle dukani. Aliporukuu, mdomo wa ala ukamchoma mbavu. Aliposujudu, mkanda ukamkata pumzi. Akamwona Bashayer akilini, akisali swala zake zote hivyo, siku zote zile, kimya, kwenye mkeka ule ule wanaosali pamoja, yeye mbele na mkewe nyuma yake, na hakumsikia hata akiguna. Alipotoa salamu alibaki chini muda mrefu.

Jioni alifunga duka mapema, akaenda nyumbani na furushi la pamba, ngozi laini ya mbuzi na mkasi.

"Keti," alimwambia mkewe. "Hapana, usiketi. Nionyeshe. Mkifika sherehe ya kike mnafanya nini? Kila kitu. Mimi sijawahi kuingia."

Bashayer akaonyesha. Tunavua viatu mlangoni, kwa hiyo ala haiwezi kukaa kifundoni. Tunakaa chini kwenye zulia, miguu imekunjwa upande, kwa hiyo si pajani. Tunafukizwa udi, tumeona wenyewe, kwa hiyo si kiunoni. Kila anayeingia anakumbatiwa, na wanawake wakikumbatiana wanapigana-pigana mgongoni, kwa hiyo si nyuma.

"Mkoba?"

"Bi Manal hataki. Mkoba unawekwa chini, unasogezwa na mtoto, unabebwa na mwingine kwa wema."

"Mnakumbatiana vipi hasa?"

"Wewe ni mume wangu hujui ninavyokumbatia?"

"Mimi unanikumbatia vingine. Nikumbatie kama shangazi wa bibi harusi."

Akamkumbatia, shavu hili na shavu lile, mikono mabegani. Loai akasimama palepale, akitafuta kwa mwili wake mahali ambapo mwili wa mkewe haukuguswa. Chini ya kwapa la kushoto la Bashayer, juu ya mbavu, mkono wake mwenyewe, toka bega hadi kiwiko, ulikuwa umeshuka na kufunika kama kifuniko.

"Hapa," akasema, akiweka kiganja.

"Unanitekenya."

"Tulia. Hapa."

Wakafanya kazi pamoja siku kadhaa. Alishona mkanda mpana wa pamba, wa kuzunguka mbavu, unaotanuka mtu akivuta pumzi. Ngozi aliiacha kipande kimoja tu, kidogo na kigumu, cha kufunika kifyatulio chote kisiguswe na kitu, na kushikilia mdomo wa ala wazi ili bastola itoke kwa mvuto mmoja. Kati ya silinda na mbavu za mkewe aliweka ngozi ya mbuzi, laini kama sikio la mtoto. Ubavuni mwa abaya akafumua mshono, akatia vifungo vya kubonyeza. Bashayer alijaribu: akasali, akainama, akalala ubavu, akavuta ile plastiki mara nyingi mpaka mkono ukajua njia wenyewe. Mama aliitwa kutoka Ansab na chetezo chake. Akafukiza mpaka juu, akakumbatia, akapapasa, akasonya.

"Mmeificha wapi, enyi wachawi?"

Lakini Loai, kila alipokitazama kile kitu mezani, moyo ulimuuma. Kilifanana na bandeji ya hospitali. Hakuna mtu angekitundika mbele ya duka. Usiku mmoja alichukua uzi wa fedha, akaupima ukingoni, kisha akapitisha kidole mahali uzi ungekwaruza ubavu. Akaurudisha kwenye kopo.

Bi Manal alikagua, akavuta hapa na pale, akasema neno moja tu, "Twende." Alhamisi asubuhi Bashayer akaondoka.

Loai hakufungua duka. Alifagia ua ambao ulikuwa safi. Alipiga pasi dishdasha iliyokwisha pigwa. Mama yake alipiga simu kuuliza kama kuna habari, akamjibu vibaya, kisha akampigia kuomba radhi. Jua lilikuwa bado halijazama aliposikia gari.

Bashayer aliingia na hina mbichi kwenye kiganja kimoja, ameifunga kwa plastiki, amechoka, ananuka udi kama wa nyumba tatu nne.

"Walinishika wakanichora kwa nguvu. Ningekataa wangenishuku."

"Bashayer. Nambie."

"Nimekumbatiwa na wanawake wote wa Yiti, wallahi. Bibi mmoja alinilalia begani analia, bibi harusi ni mjukuu wake. Begani hapa hapa. Hakuhisi kitu." Akavua viatu. "Bi Manal kanipigia nikiwa njiani. Jumapili naanza rasmi."

Loai alitaka kupiga kelele. Badala yake aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko alivyotaka, "Na ala? Ilikuwaje?"

"Ala gani?"

"Ala yangu!"

Bashayer akashika ubavu wake, macho yakamtoka. "Yaa Allah. Bastola nimerudisha kazini, nikapanda gari, nikaja mpaka hapa. Bado nimeivaa! Nimeisahau kabisa, Loai. Tangu mchana nimeisahau."

Loai alisimama mbele yake, mtu ambaye mikanda yake ilifuatwa kutoka Nizwa, na kwa nukta moja alihisi ametukanwa. Nukta ya pili ilipofika alikuwa ameshaweka paji lake la uso kwenye paji la mkewe, naye hakumbuki nani aliyeanza kucheka.

"Umeisahau," akasema.

"Nimeisahau. Sasa nifungue, mkono wangu una hina."

Loai akafungua vifungo vya ubavuni kimoja kimoja, akautoa mkanda ukiwa na joto la mwili wake. Kisha akachungulia ngozi pale ulipokuwa umekaa, chini ya mwanga wa dirishani, kwa makini. Hapakuwa na alama yoyote.