Mchezo wa Kukaa Chini

Wanafunzi walimwita Bi Kengele kwa sababu sauti yake ilifika uwanjani kabla ya kengele yenyewe. Jina alilijua na hakulichukia. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, na mwaka huo alibebeshwa kazi ambayo wenzake wote waliikwepa: kuwafundisha wasichana wa kidato cha tatu namna ya kujikinga na ukatili wa kingono. Wavulana kipindi hicho walipewa mpira. Aliuliza mara moja kwa nini wafundishwe wale tu wanaoweza kuumizwa, makamu mkuu akamjibu kwamba wavulana wana mechi. Mechi yenyewe mpaka leo haijachezwa.

Basi akajifunga kibwebwe na hao hao aliopewa. Akabuni mchezo. Darasa zima linasimama wawili wawili, mmoja anamweleza mwenzake jambo baya lililompata, la kutunga, na mwenzake anasikiliza. Atakayeuliza "ulikwenda kufanya nini huko?" anakaa chini. Atakayetaka kujua mwenzake alivaa nini, chini. Atakayesema "una hakika?" naye chini. Na kubwa kuliko yote, atakayempelekea mtu wa tatu habari hiyo bila ruhusa ya mwenyewe anakaa chini na hasimami tena mpaka kipindi kiishe.

Siku ya kwanza darasa lilikaa lote kabla hajamaliza kufuta ubao. Walicheka mpaka machozi, naye akacheka nao, ingawa rohoni kilimchoma kitu: watoto wadogo vile, na maswali ya kumhukumu mwenzao walikuwa nayo tayari mdomoni. Baada ya wiki chache wakawa wanabaki wamesimama karibu wote, na Bi Kengele akawa anatoka darasani kichwa juu kama aliyevishwa nishani. Aliyeuweza mchezo kuliko wote ni kiranja, msichana mrefu, mkimya, aliyelelewa na shangazi yake na aliyeapa kuwa daktari.

Huyo kiranja ndiye aliyemfuata siku moja baada ya masomo, kwenye stoo ya baiolojia.

Alisema akiwa ameikazia macho mifupa ya plastiki iliyoning'inia pembeni. Alimtaja mwalimu wa kemia, yule ambaye shule nzima ilimwita Mjomba kwa upole wake, aliyebaki jioni kuwafundisha waliotaka udaktari. Mlango wa maabara ulifungwa kila jioni ya mazoezi, maana upepo wa uwanjani huzima moto wa gesi. Kila mtu alilijua hilo, hata mfagizi, na hakuna aliyeuona mlango ule kuwa kitu cha kuulizwa. Siku ile wenzake hawakuja, akabaki peke yake, na Mjomba akamshika asivyopaswa kumshika.

"Mlango aliufunga, mwalimu," alisema. "Lakini moto hatukuwasha."

Mjomba huyo kwa Bi Kengele alikuwa shemeji. Alimwoa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Bi Kengele mwenyewe alimlea baada ya mama yao kufariki. Hata hivyo hakuuliza swali hata moja lisilofaa.

"Nakuamini," alimwambia. "Si kosa lako. Na hutabaki peke yako."

Sauti ilimtoka ndogo, sauti ambayo shule haijawahi kuisikia. Kiranja akalia, kisha akajifuta uso kwa kiganja na kusema anataka waende pamoja kwa mkuu wa shule kesho asubuhi, kabla ya mistari. Mpaka hapo asiambiwe mtu.

"Hata mtu mmoja, mwalimu."

"Hata mmoja."

Alitoka shuleni akiwa na nia ya kwenda kwake. Miguu ikampeleka kwa mdogo wake. Kwao, jambo linalogusa nyumba ya ndugu halitangulii kusikika nje, na aliyeliacha litangulie nje huhesabiwa ameivunja nyumba hiyo kwa mikono yake. Njia nzima alijiambia kwamba haendi kutoa siri, anakwenda kumwandaa mwenzake kwa pigo. Na jina la mtoto hatalitaja.

Alimkuta mdogo wake kwenye cherehani, akishona sketi za sare za shule hiyo hiyo. Akamweleza. Jina kweli hakulitaja. Alisema tu ni mtoto wa kidato cha tatu, mrefu, anaishi na shangazi yake. Alibakiza nini? Hata kipofu angemtambua mtoto huyo.

Mdogo wake hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno, akauliza, "Alikwenda kufanya nini huko peke yake?"

Bi Kengele alitaka kumwambia akae chini, lakini alikuwa ameshakaa. Badala yake alijikuta akimshika mkono, na mdogo wake akamwomba, "Dada, niachie leo tu. Nizungumze naye mwenyewe." Naye akamwachia leo.

Kesho yake alisimama mlangoni kwa mkuu mapema, mkoba kifuani. Kiranja hakutokea. Mistari ikaanza, ikaisha. Alipoitwa ndani, mkuu alimwambia kwamba yule mtoto anahamishwa, shangazi yake amepiga simu, mambo ya familia. Bi Kengele akayamwaga yote, na jina la shemeji yake akalitaja. Mkuu alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza kama aliona kwa macho yake, akamwambia kwamba pasipo mlalamikaji mikono yake imefungwa. Kisha, kama mtu anayempoza mtoto kwa pipi, akamsifu kwa kile kipindi chake. Wavulana nao sasa watafundishwa. Mwalimu wao ameshapatikana, mwanamume, mtu wanayemheshimu, yule wa kemia.

Bi Kengele alikwenda polisi. Wakamwambia amlete mtoto.

Akaenda kwa shangazi. Mama huyo alizungumza naye kupitia upenyo wa geti, bila chuki, amechoka tu. Alisema yameshamalizwa kiutu uzima. Shemeji yake Bi Kengele alikuja jana jioni pamoja na mkewe, na mke ndiye aliyepiga magoti.

"Naomba nimwone mtoto," Bi Kengele alisema.

"Ameniambia ukija nisikufungulie."

Hasira aliyokuwa nayo njiani kurudi haikuwa ya mkuu wala ya polisi. Hao hawakumwahidi mtoto kitu.

Kipindi chake kilipofika tena, aliingia darasani kwa sababu ratiba ilisema aingie. Wasichana wakasimama wawili wawili bila kuambiwa. Dirishani ilionekana maabara, mlango umefungwa, na majani ya uwanjani yametulia tuli, hakuna upepo. Aliyekosa mwenzake ni yule aliyekuwa akikaa dawati moja na kiranja. Bi Kengele akaenda kusimama mbele yake, amsikilize yeye.

Msichana akaanza, kwa sauti ya kawaida ya mchezo.

"Rafiki yangu alimweleza mwalimu wake jambo. Wakaahidiana kwamba asiambiwe mtu. Kabla hajaondoka alikuja kwangu kuniaga, akaniachia swali nikuulize. Anauliza, ulikwenda kumwambia nani kwanza?"

Bi Kengele alifungua mdomo, sauti ile iliyokuwa ikifika uwanjani isitoke. Mtoto yule alimtazama tu, tena kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomshinda.

Akavuta kiti cha kiranja, akakaa chini, na hakusimama tena mpaka kipindi kikaisha.